Sauti ya Saa Kumi na Mbili

Kazini walimwita Sabuni, na jina likamganda. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya hali ya kati, zile ambazo mgeni analala siku mbili na kuondoka na taulo. Kutwa nzima shuka za watu zilipita mikononi mwake, na shuka hazimfichii mtu siri. Alijua nani kala chakula kitandani, nani kalala na viatu, nani kajipangusa rangi ya midomo kwenye foronya nyeupe pee utadhani foronya ni ya shangazi yake. Kila akimaliza rundo moja alikwenda kunawa hadi viwikoni. Wenzake walimcheka, naye akawaambia chekeni tu, siku mtakayojua mnachokishika mtahama mji.

Nyumbani kazi ilikuwa ile ile. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga, kwenye nyumba yenye wapangaji watano, choo kimoja, na mwenye nyumba asiyejua ufagio unashikwa upande gani. Mama alikuwa na sukari. Ilimla macho kwanza, ikambakizia mwanga na vivuli, kisha ikaanza kumchezea miguu. Asubuhi na jioni Sabuni alimchoma sindano, akamwogesha, akamfunga vidonda, akamwaga maji machafu. Hakulalamika kwa maneno. Alilalamika kwa kugongagonga sufuria.

Lakini Mama hakuwa akiishi kwa sindano. Aliishi kwa redio. Ilikuwa redio ndogo ya mkononi, ya masafa mafupi, yenye antena ya kuvuta iliyokatika ncha. Alikuwa ameachiwa na mwanawe wa kiume, kaka yake Sabuni, siku alipopanda ndege kwenda nchi ya baridi kusoma habari katika idhaa ya Kiswahili ya huko. Hiyo ni miaka kumi na miwili. Siku ile aliizungusha sindano ya redio mwenyewe mpaka akaipata stesheni, akaweka alama kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya dada yake bila hata kuomba, akamwambia Mama: kila siku saa kumi na mbili jioni nitasema msikilizaji wetu popote ulipo, na hapo ujue nasema na wewe.

Basi ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Mtangazaji, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, akishasema popote ulipo, Mama aliitikia, "Nipo, baba." Ndipo anapokula. Mwanzoni Mtangazaji alikuwa akipiga na simu, kila Jumapili, baadaye kila mwezi, baadaye sikukuu, halafu kimya. Namba ikafa. Mwaka wa tatu sasa. Ukimgusia Mama habari hiyo anakuona mpumbavu. Simu ya nini, anauliza, na mtoto namsikia kila siku? Leo ana mafua, jana alikuwa na furaha, juzi alisoma haraka haraka, bila shaka alikuwa na njaa. Alimpima mwanawe kwa sikio kama wengine wanavyopima unga kwa kiganja. Na hiyo sindano ya redio, ole wako uiguse. Ilikaa palipowekwa na mwanawe, haisogei kulia wala kushoto.

Sabuni alikuwa haipendi redio ile hata kuiona. Yeye ndiye aliyenunua betri, yeye ndiye aliyesimama dirishani ameinua antena kama mpumbavu, yeye ndiye aliyekuwa na harufu ya dawa ya vidonda mikononi, lakini sifa zote zilikwenda kwa mtu wa hewani. Hata hivyo alinyamaza, maana Mama alikula.

Halafu redio ikaharibika. Kwa kweli ilikuwa ikiharibika kidogo kidogo miaka yote. Zamani walisikia kila neno. Baadaye sauti ikawa inakuja na kwenda, ikichujwa na mikwaruzo, mpaka sauti ya mwanamume yeyote aliyesoma chochote Mama akaihesabu kuwa ya mwanawe. Wiki ile sasa hata hiyo haikuja. Saa kumi na mbili ikifika kilichotoka ni mngurumo mmoja wa karaha, zzzzz, kama nzi elfu ndani ya kopo. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza nusu saa nzima, akasukuma sahani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tano akawa anakunywa maji tu na vijiko viwili vya uji ili aache kusumbuliwa. Atakulaje, alisema, na hajui mwanawe kaamkaje?

Muuguzi wa zahanati hakuzungusha maneno. Alimwambia Sabuni mgonjwa huyu akichomwa sindano bila kula ataanguka, na akianguka safari hii hainuki. Usipomchoma, sukari itapanda, ni yale yale. Sabuni alitoka pale akiwa na nyongo mdomoni. Mtu mzima na akili zake anakufa kwa sababu ya mikwaruzo. Siku ya tisa aliifunga redio kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kwa Fundi Waya.

Fundi Waya alikuwa na kibanda nyuma ya maduka, kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Mwenyewe alikuwa mchafu wa kupitiliza. Kucha nyeusi, shati lina ramani za jasho za miaka, na meno yake, tuyaache. Sabuni alikaa kwenye ukingo wa benchi asije akaambukizwa. Fundi akafungua skrubu nne, akainua mfuniko wa nyuma, na humo ndani mkatoka mende mkubwa, mwekundu, mwenye masharubu, akakimbia juu ya meza kama anayechelewa kazini. Nyuma yake kulikuwa na familia nzima. Mayai yamegandishwa kwenye kona, kinyesi kimejaa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na pale penye betri majimaji ya kijani yamevuja na kukauka. Sabuni alifikiri kwamba miaka yote hiyo mama yake alikuwa akikiweka kitu hicho sikioni. Alitoka nje, akatema mate, akarudi, akatoka tena.

Fundi hakushtuka. Alichukua mswaki, akasugua taratibu, akapuliza, akagusisha risasi iliyoyeyushwa hapa na pale penye waya, akaurudisha mswaki kwenye mfuko wa shati karibu na kalamu. Kisha akaiwasha redio pale pale, akavuta antena, akasikiliza. Akasema redio ni nzima. Kama bado inanguruma huko nyumbani, basi mgonjwa si redio, mgonjwa ni nyumba, na nyumba hailetwi kibandani. Atakuja mwenyewe kesho jioni.

Alikuja kweli. Alivua viatu mlangoni, na Sabuni akatamani asingevua. Akampa Mama shikamoo ya heshima, akashika redio mkononi, akaanza kutembea nayo chumba hadi chumba akiisogeza huku na huku kama daktari na chombo cha kusikilizia kifua. Karibu na ukuta wa jirani mngurumo ulipanda. Karibu na mlango wa ukumbini ulipanda zaidi. Akaomba wazime umeme wa nyumba nzima dakika moja tu. Wapangaji walitoka wakibwata, hasa kinyozi wa chumba cha pili aliyekuwa katikati ya kichwa cha mtu. Lakini swichi kuu ilipozimwa, wale nzi elfu wakafa wote kwa mkupuo, na Mama akainua uso.

Kazi ikawa kuwasaka mmoja mmoja. Chaja ya simu ya kinyozi, ya rahisi, ya sokoni, ilipochomolewa, nusu ya makelele ikaondoka. Nusu nyingine ilikuwa taa mpya nyeupe ambazo mwenye nyumba alizifunga ukumbini wiki mbili zilizopita na kuzisifia sana. Fundi alieleza kwamba vitu vya namna hiyo vinatema uchafu hewani, hauonekani wala haunuki, ila redio ya masafa mafupi inaunusa wote. Sabuni alimwelewa upesi kuliko mtu yeyote. Mwenye nyumba alivuta mdomo, mwishowe akakubali taa zake zizimwe nusu saa kila jioni, mgonjwa ni mgonjwa.

Baada ya hapo Fundi akatoa mfukoni waya mwembamba wa shaba, mita kama nane, akaubana kwenye antena kwa kibanio cha nguo, akaupitisha dirishani mpaka kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, mbali na mabati ya paa. Waya mwingine akautoa kwenye redio akaufunga kwenye bomba la maji. Akakataza kabisa kuichomeka redio ukutani, betri tu. Redio yenyewe ikae dirishani, isikae kitandani. Kisha akashika kitufe cha sindano, na hapo Mama akapiga kelele. Hapaguswi hapo. Fundi akapiga magoti mbele yake na zile soksi zake zenye matundu, akambembeleza kama mkwe. Akamwambia stesheni hiyo inarusha matangazo yale yale sehemu mbili, na saa kumi na mbili jua halijatua sawasawa, masafa ya mita arobaini na tisa hayajachangamka, ilhali ya thelathini na moja yanakuja yenyewe. Mwanao yuko huko na huku, Mama, ni yule yule. Mama alifikiri muda mrefu, akasema haya.

Sindano ilisogea kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Na saa ilipotimia, sauti ya Mtangazaji iliingia ndani ya chumba kama mtu aliyevuta kiti akakaa. Nzito, safi, laini, hakuna hata unywele wa mkwaruzo. Hii ni idhaa ya Kiswahili, msikilizaji wetu, popote ulipo. Mama aliweka mikono yote miwili kifuani. "Nipo, baba," alisema, akalia, akacheka, akaomba chakula chake, akala mpaka akakwangua sahani. Sabuni aligeukia ukutani ili yule fundi mchafu asimwone anavyofuta macho. Fundi alipoondoka, Sabuni alimpa mkono wake kwa hiari, na hakuuosha papo hapo, alingoja mpaka fundi afike kona.

Lo, afadhali ingebaki ikinguruma.

Kwa maana sasa walisikia kila kitu. Baada ya salamu za Mtangazaji, aliyesoma habari alikuwa mwanamke. Aliyefuata alikuwa mwanamume mwingine kabisa, mwenye sauti nyembamba. Mtangazaji alirudi mwisho tu, kuwaaga. Mama hakutetereka. Alisema wamempandisha cheo, mkubwa hafanyi kazi, anafungua na kufunga mlango, wadogo ndio wanaotoka jasho. Siku ya tatu akasema kile kiti cha mwanangu wakibadilishe, kinalia. Ni kweli, baada ya popote ulipo palikuwa na mlio mdogo, kriii, wa mtu anayeegemea nyuma. Siku ya nne kiti kililia. Siku ya tano kikalia, mahali pale pale, urefu ule ule. Sabuni alikuwa amesimama na sindano ya dawa mkononi, akaishusha mezani, akasogeza sikio kwenye redio.

Alimpelekea Fundi Waya swali hilo kesho yake. Fundi hakutaka kumtazama. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, ile ni kanda, vituo vingi hufanya hivyo, mtu anarekodi salamu mara moja inatumika miaka. Ila mama alikuwa anakula, angefungua mdomo kusema nini?

Mwisho wa matangazo walikuwa wakisoma namba ya simu ya wasikilizaji. Sabuni aliipiga mchana, katikati ya shuka chafu na safi. Aliyepokea alikuwa yule yule mwanamke wa habari, mchangamfu, mwenye adabu. Alipoulizwa habari za Mtangazaji, akafurahi kweli kweli. Wanamkumbuka sana, alisema, ila aliacha kazi miaka mitatu iliyopita, wakamfanyia na karamu ya kumuaga. Alirudi nyumbani. Salamu zake wameendelea kuzitumia kwa sababu hawajapata sauti nzuri kama ile. Kwani wewe ni nani wake? Sabuni akajibu kuwa ni msikilizaji tu, akakata.

Alirudi nyumbani. Nyumbani wapi?

Alisimama pale na pasi ikifuka mvuke. Juu ya kabati, redio ya msimamizi ilikuwa ikipiga kelele kama kila siku, redio za mjini hizi ambazo hazihitaji waya wala fundi, zinaingia zenyewe hata chooni. Likaja tangazo la dawa ya mende. Sabuni alilichukia tangazo lile kwa moyo wote na alikuwa amelisikia mara elfu. Mwanamume mmoja anaigiza mende, analia kwa sauti ya kukwaruza, anakohoa, anaaga mke na watoto wake, anakufa. Halafu yule yule anasema kwa sauti ya kawaida, nene, iliyochoka, iliyolowa pombe: popote alipo, hachomoki. Popote. Alivyolivuta lile neno, akaliegemea katikati, akaliachia mwishoni. Pasi ilikaa juu ya shuka mpaka moshi ukatoka, na Sabuni hakuona. Miaka miwili alikuwa akipiga pasi na sauti ya ndugu yake iko juu ya kichwa chake, akimtukana kila siku, na hakumtambua.

Ofisi za redio ile zilikuwa vituo viwili tu vya basi kutoka hoteli. Alimkuta kwenye ngazi za nyuma na wenzake wawili, wanakula karanga na kutupa maganda chini. Alikuwa amenenepa shingo. Nywele kazipaka rangi nyeusi iliyomwachia mstari kwenye paji la uso, na manukato yalikuwa yakifanya kazi ya kuoga. Alimwona dada yake, akasimama, akaangalia kushoto na kulia kama anayetafuta mlango wa kutorokea. Wenzake wakajiondokea.

Alikuwa na maelezo, na yote alikuwa nayo tayari. Kule walimfukuza kazi kwa fitina. Alirudi hana kitu. Angekwendaje kwa Mama mikono mitupu, mtaa mzima ukimwita Mtangazaji? Alikuwa anajipanga. Alitaka kwanza apate nyumba, apate gari, ndipo amfuate Mama kwa heshima zake. Sabuni alimsikiliza mpaka akaishiwa. Akamuuliza kama alijua kwamba Mama alikaa siku tisa bila kula.

"Kwani si ananisikia kila siku?" alisema Mtangazaji, na akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetoa hoja nzuri. "Nilijua wanaendelea kuipiga. Nilikuwa na amani."

Sabuni ameona mengi kwenye shuka za watu. Hajawahi kuona kitu kilichomtia kinyaa kama tabasamu lile. Kaka yake akamwona anavyomwangalia, akaharakisha: kama tatizo ni sauti, atarekodi nyingine, mpya, hapo hapo, ampelekee kwenye simu. Akatoa simu, akaiweka mdomoni, akasema Mama yangu kipenzi, akasimama, akasafisha koo, akasema ngoja nirudie, hiyo haikukaa vizuri. Sabuni alimpokonya simu, akaitumbukiza katika mfuko wa shati la kaka yake, akamwambia polepole. Kesho saa kumi na mbili kasorobo uwe mlangoni kwa Mama, kwa miguu yako. Usipokuja, kesho kutwa nitambeba Mama na kiti chake, nimweke hapa getini, kila anayeingia ajue mende ni mtoto wa nani.

Hiyo ndiyo iliyomwingia.

Kesho yake Sabuni aliomba ruhusa mapema. Alideki, akambadilisha Mama nguo, akampaka mafuta, akampikia wali na kuuweka mezani umefunikwa. Hakumwambia neno. Alikuwa amepanga maneno yote aje ayaseme mwenye nayo. Ingawa nyongo haikuwa imetulia, kitu kingine kilikuwa kimeanza kupanda chini yake, kitu cha kitoto. Alitaka kuuona uso wa Mama.

Mtangazaji alikuja. Alibisha hodi, akaingia, akasimama katikati ya chumba na manukato yake. Alimwangalia Mama, mdogo kwenye kile kiti, miguu imefungwa bandeji, na midomo ikamtetemeka. Sabuni alimwona akitetemeka, hilo hatamnyima. "Shikamoo, Mama," alisema.

Sauti ilitoka nene, ina kokoto, sauti ya mende anayekufa. Mama akageuza kichwa kuelekea kilipo kivuli.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni fundi?"

Mtangazaji akamwangalia Sabuni. Sabuni akamwangalia yeye, akangoja. Neno moja tu lilitakiwa. Akaona uso wa kaka yake ukibadilika, mabega yakashuka, pumzi ikatoka, na kilichokuja usoni, Mungu anisamehe kusema, kilikuwa nafuu.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Ni fundi. Nimekuja kuangalia waya."

Sabuni alifungua mdomo, lakini Mama alikwishainua mkono kuwanyamazisha wote. Saa imefika. Kaa hapo, fundi, usiseme kitu, mwanangu anaingia. Na mwanawe akaingia, kijana, safi, laini, hakuna mkwaruzo, akisema msikilizaji wetu popote ulipo. Mama akaitikia nipo, baba. Yule mwingine alikaa kwenye kigoda, ameweka mikono magotini, anajisikiliza. Alikuwa akitikisa kichwa polepole. Sabuni alidhani ni majuto, mpaka alipomwona anafuatisha kwa midomo, neno kwa neno, akijifurahia.

Ilipokuja habari, Mama aliuliza kama fundi amekula. Mafundi hawali, alisema, wanashinda juu ya paa za watu. Mpe sahani yangu. Sabuni alimwambia Mama ile ni yako, lazima ule, sindano inakungoja. Mama akakataa katakata. Mimi nitakula uji baadaye, leo nimeshiba, amesikika kama yuko humu ndani, na kwa kazi ya nani? Mpe.

Sabuni akamwekea, akitumaini angalau wali utamkwama kooni. Haukumkwama. Alikula wali wote wa mama yake, akaramba na vidole, akashushia kwa maji. Mama alikuwa akisikiliza kijiko kinavyogonga sahani na kufurahi. Akamuuliza fundi, mama yako yupo hai? Yupo, akajibu. Anakaa mbali? Akajibu hapana, si mbali. Mama akasema vizuri sana. Matangazo yalipokwisha Mtangazaji alisimama, akampa Mama mkono, Mama akaushika kwa mikono yake miwili, akamwombea dua ndefu ya kazi na afya, akamwambia awe anapita mara moja moja kuutazama waya. Akasema atapita. Akatoka bila kumwangalia dada yake, na nje akasikika anapiga mluzi mpaka barabarani.

Sabuni alikoroga uji. Alimlisha Mama kijiko kwa kijiko, na Mama akala wote bila kusumbua, akafuta mdomo, akaegemea. Uso wake ulikuwa umetulia kama hajawahi kuugua.

"Sauti yake mbaya, maskini," alisema, "lakini kijana mwema. Mama yake ana bahati. Wake yuko karibu, akimtaka anakuja."

Mate yalimjaa Sabuni mdomoni, yale ya mtu anayetaka kutapika. Aliyashikilia kidogo, akayameza, akasema ndiyo, Mama, ana bahati, akaenda kuandaa sindano.